UZI: Kijana wa Dar es Salaam aliyeigiza kwenye filamu za Wanazi, na yale ambayo sinema na runinga za Ujerumani zilichelewa kuyasema

MLETA UZI

Wakuu, salaam.

Ukianzishwa mjadala wa filamu za Ujerumani, yanatajwa majina yale yale: manowari ya Das Boot, Hitler kwenye handaki lake la mwisho katika Der Untergang, na siku hizi Dark na Babylon Berlin. Nimeziangalia zote, na Babylon Berlin nimeirudia. Leo nataka kuwaletea mtu asiyetajwa kwenye mijadala hiyo, ingawa sura yake imo kwenye filamu zaidi ya 20 zilizotengenezwa Ujerumani kati ya 1934 na 1941. Anapita nyuma ya staa akiwa na sinia. Anafungua mlango. Anasimama wima na bunduki begani. Filamu inaendelea na wewe mtazamaji unaendelea nayo, umeshamsahau.

Ni mzaliwa wa Dar es Salaam, Februari 1904. Wazazi wake walimwita Mahjub bin Adam Mohamed. Kwenye makaratasi ya Kijerumani akaja kuwa Bayume Mohamed Husen, na ukimtafuta mtandaoni utampata zaidi kwa jina hilo. Baba yake alikuwa Msudani, askari mwenye cheo cha efendi katika Schutztruppe, jeshi la Wajerumani huku kwetu. Asili ya Wasudani wa jeshi lile ni kikosi alichokiajiri Wissmann, afisa wa Kijerumani, kule Cairo mwaka 1889, alipotumwa kuja kupambana na Abushiri. Kwa hiyo Mahjub alikulia kwenye nyumba ya askari, akakijua Kijerumani mapema, na akiwa bado mtoto akapata kazi ya ukarani Lindi.

Vita vilipoanza 1914 aliingia jeshini pamoja na baba yake. Pigeni hesabu wenyewe: miaka 10. Umri wa darasa la nne. Alikaa vitani mpaka Oktoba 1917, akajeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, kule kule upande wa Lindi, Waingereza wakamteka.

Baada ya vita akawa mhudumu melini. Mwaka 1929 alifika Berlin akiwa na dai moja tu mkononi: mshahara wa vita, wake na wa marehemu baba yake, ambao haukuwahi kulipwa. Wizara ya Mambo ya Nje ikamkatalia, ikasema amechelewa kudai. Akabaki Berlin.

Kazi aliyoipata ilikuwa Haus Vaterland, jengo kubwa la starehe pale Potsdamer Platz lililofunguliwa 1928 na kampuni ya Kempinski. Ndani yake kila ukumbi ulipambwa uwe nchi fulani: huku mkahawa wa Kituruki, kule baa ya Marekani ya magharibi, pengine ukumbi wa mvinyo wa Austria. Kwenye ukumbi wa Mto Rhein walijenga mandhari ya mto na milima, na kila saa taa zilizimwa, mitambo ikatoa ngurumo, umeme ukamulika na mvua ya bandia ikanyesha huku wateja wakiendelea kula. Husen alihudumia wateja kwenye jengo hilo. Mhudumu Mwafrika mahali kama pale hakuajiriwa kwa ajili ya kubeba sahani tu. Sura yake nayo ilikuwa sehemu ya mapambo, na watu wa sinema walipomwita walimtaka kwa sababu hiyo hiyo.

Upande wa pili, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikuwa msaidizi wa kufundisha Kiswahili kwenye Seminari ya Lugha za Mashariki pale Berlin. Mshahara mdogo, lakini ilikuwa kazi ya heshima.

Tarehe 27 Januari 1933 alifunga ndoa na mwanamke Mjerumani mwenye asili ya Bohemia. Tarehe 30, siku tatu baadaye, Hitler akaapishwa kuwa Kansela.

Naendelea, nipeni nafasi.

MDAU (Tanga)

Mkuu, uzi mzito huu. Swali dogo kabla hujaendelea. Kiswahili kufundishwa Berlin miaka ya 1930 kilikuwa kwa faida gani, na koloni walishanyang'anywa 1919?

MLETA UZI

Swali zuri mkuu. Seminari ile ilianzishwa 1887, wakati Wajerumani ndiyo kwanza wanaingia huku, na kazi yake ilikuwa kuwaandaa maofisa, wafanyabiashara na wamisionari. Walimu wa Kijerumani walikuwepo, lakini lugha yenyewe ilitoka vinywani mwa watu wetu. Mwaka 1891 alikwenda Amur bin Nasur kutoka Zanzibar. Mwaka 1900 akaenda Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake kuhusu mila na desturi za Waswahili wa mrima bado ni hazina mpaka leo. Mtoro alioa Mjerumani mwaka 1904, na mwaka uliofuata akapanda meli na mkewe kurudi nyumbani. Serikali ya koloni ikakataa wasishuke. Hawakutaka mke wa Kizungu aonekane huku akiwa na mume Mwafrika. Ikabidi warudi Ujerumani, na Mtoro akafia Berlin 1927, miaka miwili tu kabla Husen hajafika.

Baada ya 1919 masomo yaliendelea kwa sababu kundi kubwa lenye nguvu halikukubali kwamba makoloni yamekwenda moja kwa moja. Vyama vya wakoloni vilikuwa na magazeti yao, maonyesho yao, gwaride zao. Waliamini siku moja watarudi Dar es Salaam, na wakirudi watahitaji watu wanaojua lugha. Filamu ambazo Husen aliigiza zilizaliwa humo humo.

MDAU (Mombasa)

Ndugu mleta uzi, hapo kuna jambo sijalielewa. Hawa Wanazi si ndio waliokuwa wakihubiri ubora wa damu yao? Iweje basi wawaweke watu weusi kwenye filamu, tena kwa miaka yote hiyo?

MLETA UZI

Ndugu yangu wa Mombasa, jibu fupi ni kwamba huwezi kutengeneza filamu ya "Afrika yetu iliyoibiwa" bila Waafrika.

Jibu refu ni hili. Ujerumani ilikuwa na sinema kubwa hata kabla ya Hitler. Studio za Babelsberg, nje kidogo ya Berlin, zilianza 1912. Kampuni ya UFA iliundwa 1917, katikati ya vita, kwa msukumo wa jeshi lenyewe, kwa sababu majenerali walishaona picha inavyoweza kusukuma watu. Metropolis ya Fritz Lang ilitoka Babelsberg 1927, na Der blaue Engel iliyompaisha Marlene Dietrich ikatoka 1930. Goebbels alipopewa wizara ya propaganda mwaka 1933 hakuhitaji kujenga sinema mpya, alihitaji kuikamata iliyopo. Wayahudi wakafukuzwa kazini. Lang akaondoka, Billy Wilder akaondoka, Peter Lorre akaondoka. Hollywood ya miaka ya 1940 inadaiwa mengi na watu waliokimbia Berlin.

Sasa waliobaki wakataka filamu za koloni. Mwaka 1934 ikatoka Die Reiter von Deutsch-Ostafrika, iliyoongozwa na Herbert Selpin: mkulima wa Kijerumani huku kwetu, rafiki yake Mwingereza, vita vinaanza, ushujaa na kadhalika. Husen alikuwemo. Fikirieni mtu aliyepigwa risasi Mahiwa akiwa na miaka 13, sasa ana miaka 30, yuko Ujerumani na anaigiza vita vile vile kwa posho. Filamu hiyo Wanazi wenyewe waliipiga marufuku baadaye, vita vya pili vilipoanza, kwa sababu Mwingereza alionyeshwa kuwa mtu mwema mno.

Na hakuwa peke yake. Louis Brody, mzaliwa wa Duala, Cameroon, alikuwa ameshaigiza tangu enzi za filamu bubu, yumo hata kwenye Der müde Tod ya Lang ya 1921. Theodor Michael, aliyezaliwa Berlin 1925 kwa baba kutoka Cameroon, alianza kuonyeshwa akiwa mtoto kwenye yale maonyesho ya "watu wa porini", kisha akawa ekstra, mwigizaji wa kupita nyuma tu, kwenye filamu. Alikuja kueleza uzeeni jinsi studio ilivyokuwa karibu mahali pekee ambapo watu weusi walikutana na kupata riziki, maana kazi nyingine zilikuwa zimefungwa kwao. Husen mwenyewe alifukuzwa Haus Vaterland mwaka 1935. Yakabaki ualimu, filamu, na ile Deutsche Afrika-Schau, onyesho la kuzunguka mijini ambapo Waafrika walicheza ngoma ili wananchi waendelee kuyakumbuka makoloni. Onyesho hilo likafungwa 1940, kwa sababu chama kiliona hata huko kuonekana jukwaani ni kwingi.

Kwa kifupi, dola iliwanyima kazi, ikawanyima uraia ikawapa hati za wageni, halafu ikawaita studio kila ilipohitaji picha ya Afrika tiifu. Vita vya pili vilipopamba moto na ekstra wakapungua, waliwachukua hata wafungwa wa kivita, wanajeshi weusi wa jeshi la Ufaransa, wakawaweka mbele ya kamera.

MDAU (Moshi)

Mkuu, usisahau filamu ya Carl Peters. Huku Kilimanjaro jina hilo halijasahaulika.

MLETA UZI

Nilikuwa nakuja huko mkuu, na hapo nataka tukae kidogo.

Carl Peters wa kweli mnamjua. Mwishoni mwa 1884 alizunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya "mikataba" ambayo machifu walitia alama bila kujua wametoa nini, na Februari 1885 Kaisari akampa hati ya ulinzi. Mwaka 1891 akawekwa kamishna Kilimanjaro. Akiwa huko alimnyonga mtumishi wake Mabruk, na baada ya miezi michache akamnyonga Jagodja, mwanamke aliyekuwa amemfanya suria. Mwaka 1896 August Bebel aliyaanika mambo hayo katikati ya Bunge la Berlin, na 1897 Peters akafukuzwa utumishi wa serikali na mahakama ya nidhamu ya Wajerumani wenyewe. Watu wa huku walimwita Mkono wa Damu. Huko kwao magazeti yalimpa jina la Peters Mnyongaji.

Mwaka 1937 Hitler akamsafisha jina, Peters akiwa marehemu wa miaka 19. Machi 1941 ikatoka filamu. Mwongozaji ni yule yule Selpin, na anayemwigiza Peters ni Hans Albers, staa mkubwa kuliko karibu wote wa wakati huo, macho ya bluu, sauti ya kuamrisha. Kwenye filamu Peters ni shujaa anayesalitiwa na maofisa wa Berlin, na Myahudi mmoja serikalini ndiye mchimba shimo. Bunge lililomfichua linageuzwa kundi la wapiga kelele. Kunyonga kunageuzwa kuwa hatua ya lazima ya kulinda amani.

Husen yumo humo, na safari hii sehemu yake ni kubwa kuliko zote alizowahi kupewa. Yeye ndiye msaidizi mwaminifu wa Peters, yuko ubavuni pake safarini. Kile kipande kilichonishika zaidi hakina maneno mengi: Albers anazungumza, kamera iko kwake, na pembeni Husen anamsikiliza huku macho yake yamemtulia bwana mkubwa, kama alivyoelekezwa. Albers anacheza kwa mabega na kidevu, kila kitu kikubwa. Husen anacheza kidogo sana, karibu hasogei. Kwa jicho langu mimi, yeye ndiye mwigizaji mzuri zaidi kwenye fremu ile. Na ndiye pekee kati ya wale wawili aliyezaliwa kwenye nchi inayodaiwa kuonyeshwa.

Filamu ilitoka Machi. Agosti mwaka huo huo Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, wakamkamata. Kosa: uhusiano na mwanamke Mjerumani, kile walichokiita Rassenschande, kuchafua damu. Hakupelekwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen na akakaa miaka mitatu mpaka kifo.

Na Selpin, mwongozaji wa filamu zote mbili? Mwaka 1942 alikuwa akitengeneza filamu ya meli ya Titanic, akatoa maneno makali dhidi ya maofisa wa jeshi, akashitakiwa kwa Goebbels, na tarehe 1 Agosti akakutwa amekufa kwa kunyongwa ndani ya selo.

MDAU (Dodoma)

Mleta uzi naheshimu utafiti wako, ila lazima niseme ninavyoona. Huyu bwana alipigana upande wa mkoloni, akaenda kudai mshahara wa mkoloni, akafundisha wakoloni watarajiwa lugha yetu, akaigiza filamu ya kumtukuza Peters. Huyo si kibaraka tu aliyeishia kugeukwa na mabwana zake? Tunamlilia kwa lipi?

MLETA UZI

Mkuu, hoja yako ni halali na siyo wewe wa kwanza kuitoa. Na nitakuongezea: ipo picha yake ya miaka hiyo akiwa na sare kamili ya askari, na alihudhuria mikutano ya wakoloni akiwa amevaa hivyo. Mwaka 1934 ilipotolewa medali ya waliopigana vita vya kwanza, aliiomba. Akanyimwa. Akaenda kununua medali kwenye duka la vifaa vya kijeshi na akazivaa.

Lakini tumtazame kwa umri wake. Uamuzi wa kwanza, ule wa jeshi, aliufanya baba yake, mtoto ana miaka 10. Dai la mshahara ni haki ya mfanyakazi yeyote, jasho lilishatoka. Ualimu wa Kiswahili, sioni dhambi. Kinachobaki ni sare na filamu. Katika nchi ambayo hati yako ya kusafiria inasema wewe ni mgeni, ajira yako inakatishwa kwa rangi yako na watoto wako wanaitwa mchanganyiko, kitu pekee alichokuwa nacho cha kuwaambia Wajerumani "nawadai heshima" kilikuwa ni ule ushahidi kwamba alimwaga damu kwa ajili yao. Alikitumia kwa nguvu zake zote. Alidai kwa barua, ofisi baada ya ofisi. Mtu aliyenyenyekea asingeandika barua zote zile.

Simfanyi shujaa wa ukombozi. Kinjekitile alikuwa shujaa wa ukombozi. Husen alikuwa mtu wa mjini aliyetaka kuishi Berlin na familia yake kama mtu kamili, na nchi ile ikamuua kwa hilo. Kumlilia kwangu kunatosha hapo.

MDAU (Mombasa)

Umenijibu vyema ndugu. Na baada ya vita, hawa Wajerumani walimtaja? Maana naskia wao ndio hodari wa kuomba radhi kwa historia yao.

MLETA UZI

Hapa ndipo sehemu inayonigusa kuliko zote, kwa sababu sifa hiyo ya "Wajerumani wamekabili historia yao" ni ya kweli, lakini ilichukua muda mrefu kuliko watu wanavyodhani, na sinema na runinga zinaonyesha mwendo huo vizuri kuliko hotuba za wanasiasa.

Chukueni Casablanca, ile ya Bogart. Ilipoonyeshwa Ujerumani Magharibi mwaka 1952, walikuwa wamekata dakika kama 25. Wanazi wote waliondolewa. Victor Laszlo, mpigania uhuru aliyetoroka kambi, akageuzwa kuwa mwanasayansi kutoka Norway aliyegundua miale ya ajabu. Iliwezekana kwa sababu Ujerumani filamu za nje huingizwa sauti upya kwa Kijerumani tangu mwanzo hadi mwisho, hivyo ukibadili maneno kinywani mwa mwigizaji mtazamaji hajui. Notorious ya Hitchcock nayo, kwenye nakala ya 1951, Wanazi wakawa wauza dawa za kulevya. Wajerumani walisubiri hadi 1975 kuiona Casablanca yote.

Kuhusu Afrika usingizi ulikuwa mzito zaidi. Miaka ya 1950 Afrika Mashariki ilirudi kwenye kioo cha Mjerumani kupitia Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Kipindi chake cha runinga kilianza 1956, na Serengeti darf nicht sterben ya 1959 ilipata Oscar. Mwanawe Michael alikufa Januari 1959 ndege yao ilipoanguka wakati wa kazi hiyo, na amezikwa Ngorongoro. Ninaiheshimu kazi yao kwa wanyama, na Serengeti yetu inadaiwa shukrani. Lakini itazameni tena leo mkitafuta watu. Mtazamaji wa Frankfurt aliiona nchi ya nyumbu na simba, na Wamaasai wakaonekana kama tatizo la mipaka ya hifadhi. Kwamba babu yake mtazamaji huyo huenda alikuwa sajini Songea mwaka 1905, hakuna aliyemkumbusha.

Aliyemkumbusha ni Ralph Giordano. Huyu alizaliwa Hamburg, mama yake Myahudi, na familia yake ilinusurika kwa kujificha kwenye ghorofa ya chini ya ardhi. Mwaka 1966 alitengeneza Heia Safari kwa kituo cha WDR, akabomoa hadithi ya "ukoloni wetu mzuri" kipande kwa kipande. Ghadhabu iliyofuata ilikuwa kubwa kiasi kwamba kituo kililazimika kurusha mjadala kuhusu kipindi hicho. Ni miaka 20 na ushee baada ya vita, Auschwitz imeshakuwa kesi mahakamani Frankfurt, na bado kusema ukweli juu ya Tanganyika kulikuwa ni kuchokoza nyuki.

Halafu Januari 1979 ikaja Holocaust, tamthilia ya Marekani ya sehemu nne. Karibu Wajerumani milioni 20 waliangalia angalau sehemu yake. Simu zilimiminika studio usiku kucha. Miezi michache baadaye, Julai, Bunge likafuta ukomo wa muda wa kushitaki mauaji, ili wauaji wa enzi ya Nazi wasipone kwa sababu ya kalenda. Tamthilia peke yake haikuleta sheria hiyo, mjadala ulikuwepo tayari, ila iliwasukuma watu ambao vitabu na kesi havikuwafikia.

Kwa upande wetu kitu cha namna hiyo hakijaja. Mwaka 2007 ZDF ilirusha Afrika, mon amour, tamthilia iliyowekwa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1914, na bado kitovu chake ni mama wa Kijerumani na mapenzi yake chini ya jua zuri. Mwaka 2023 Lars Kraume alitoa Der vermessene Mensch, juu ya mauaji ya kimbari ya Waherero na Wanama kule Namibia na mafuvu yaliyopelekwa Berlin kupimwa. Hiyo ni hatua kubwa, na nawashauri muitafute. Lawama iliyopata ni kwamba tunayaona yote kwa macho ya mtafiti Mzungu, na nakubaliana nayo. Novemba 2023 Rais Steinmeier alikwenda Songea, akaomba msamaha kwa Maji Maji, vita ambavyo makadirio ya waliokufa yanafika hadi watu 300,000. Filamu bado.

Husen alirudishwa na watu wachache wenye subira. Mwanahistoria Marianne Bechhaus-Gerst alifukua nyaraka zake na kuandika maisha yake mwaka 2007. Eva Knopf akatengeneza Majubs Reise, filamu ya hali halisi ya 2013, na alichofanya ni kuzirudisha filamu za zamani kwenye meza, kuzisimamisha pale Husen anapotokea pembeni, na kumfuata yeye badala ya staa. Ndiyo iliyonifundisha kuangalia kingo za picha. Tangu hapo kila filamu ya Kijerumani ya zamani naiangalia hivyo, na karibu kila mara yupo mtu: mpiga saksafoni, bawabu, baharia.

MDAU (Kampala)

Mkuu mimi nasoma Kijerumani kwa ajili ya masomo. Nianze na vipindi gani?

MLETA UZI

Anza na Tagesschau, taarifa ya habari ya saa 2 usiku, inakwenda tangu 1952. Dakika 15, Kijerumani safi, sentensi zilizonyooka. Kwa maneno ya nyumbani tazama Sandmännchen, kikaragosi cha kuwalaza watoto kilichoanzia Ujerumani Mashariki 1959. Ukishapata nguvu nenda Tatort, hadithi za upelelezi za Jumapili saa 2:15 usiku, tangu 1970. Kila mji una wapelelezi wake, hivyo utasikia lafudhi za Köln, Münster na Vienna. Usianze na Dark, hata mimi nililazimika kuwasha maandishi ya chini.

MDAU (Muscat)

Assalaam alaykum wadau. Nina safari ya Berlin mwezi ujao in shaa Allah. Kuna mahali pa kumzuru huyu mzee wetu?

MLETA UZI

Waalaykum salaam kaka. Yapo.

Panda treni ya U8 ushuke Rosenthaler Platz, halafu tembea Brunnenstraße mpaka namba 193, ndiko alikokuwa akiishi. Chini, kwenye njia ya miguu, utaona kipande cha shaba cha sentimita 10 kwa 10 kimepachikwa kati ya mawe. Ni kazi ya msanii Gunter Demnig, ambaye mradi wake umeshaweka vipande zaidi ya 100,000 Ulaya kote mbele ya nyumba za waliouawa na Wanazi. Hiki kiliwekwa 2007 na kina jina lake alilozaliwa nalo, Mahjub bin Adam Mohamed. Itabidi uiname ili usome.

Sachsenhausen iko Oranienburg, mwisho wa treni ya S1, kisha mwendo wa dakika 20 hivi kwa miguu. Hakuna kiingilio. Nenda asubuhi, kambi ni kubwa, zaidi ya watu 200,000 walifungwa pale kati ya 1936 na 1945.

Ukipata muda fika na Wedding, kwenye eneo linaloitwa Mtaa wa Kiafrika, kwa treni ya U6. Kulikuwa na barabara ya Petersallee iliyopewa jina la Carl Peters mwaka 1939. Wanaharakati weusi wa Berlin, wakiwemo Watanzania, waliipigania kwa miaka mingi, na Agosti 2024 vibao vikang'olewa. Sehemu moja sasa ni Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mama Mnamibia. Nyingine inaitwa Maji-Maji-Allee. Ukifika tupigie picha utuwekee hapa.